MAJI YA KIWANDA CHA KAHAWA NI YA NANI?

Hebu keti kidogo, hata kama kengele ya chakula cha mchana i karibu kulia, nikueleze jambo linalonikera moyoni. Najua wengi wetu hapa shuleni, tutokao Meru na tutokao Embu, karo yetu hulipwa na kahawa. Hata sare hii niliyovaa ni kahawa. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo, kwa hivyo mtu asije akasema mimi ni mtovu wa shukrani. Mimi ni mtoto wa mkulima, na baba yangu ni mwanachama kiwandani. Ndiyo maana nadai haki ya kuuliza: yale maji yanayotoka kiwandani baada ya kahawa kumenywa na kuoshwa, ni ya nani?

Kwetu ni upande wa Runyenjes. Chini ya shamba letu kuna kijito, na juu yake, ng'ambo ya pili, kuna kiwanda cha kahawa. Sitakitaja jina, na wala si hicho peke yake. Nyanya yangu husema yeye hahitaji kalenda kujua kwamba msimu umefika. Pua inamtosha. Kuanzia Oktoba hadi Desemba kijito hubadilika rangi, kwanza kama chai ya mkandaa, halafu cheusi, na harufu yake ni ya kitu kilichochacha. Novemba iliyopita nilimpeleka ng'ombe wetu maji. Akanusa, akarudisha kichwa, akanitazama kana kwamba nimemkosea adabu. Jameni, ng'ombe! Tangu siku hiyo hadi Krismasi tulichota maji kwenye chemchemi iliyo mbali, mimi na dada yangu mdogo, mitungi mgongoni, asubuhi na jioni. Dada yangu alikuwa na mtihani wiki hiyohiyo. Nani alihesabu saa zile?

Nilipolalamika, mzee mmoja jirani aliniambia, "Kijana, si ni utamu wa kahawa tu? Hakuna sumu pale." Na kweli, alikuwa na nusu ya haki. Kahawa mbivu hutiwa kwenye mashine ya kumenya, maganda yakatoka, kisha punje zikiwa bado na ule utelezi hulazwa kwenye tangi ili utelezi uoze na kuachia. Halafu huoshwa kwenye mifereji. Kila hatua inakula maji. Kiwanda kisichotumia tena maji yaleyale huweza kumaliza lita 15 na zaidi kwa kila kilo moja. Maji hayo hutoka yamebeba sukari na utelezi wote ule.

Sasa taabu inaanzia hapo penye utamu. Vijidudu vilivyomo mtoni huifurahia sukari kama sisi tunavyofurahia siku ya wali. Huongezeka, hula, na katika kula hutumia hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Oksijeni ikiisha, samaki na viluwiluwi hufa, na vijidudu vingine visivyohitaji hewa huchukua zamu na kuleta uvundo. Tena utelezi ukichacha hugeuka asidi. Wataalamu hupima uchafu wa namna hii kwa kuangalia ni oksijeni kiasi gani inayoliwa ndani ya siku 5, maji yakiwekwa kwenye joto la nyuzi 20. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka wa 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayomwagwa mtoni, na pH kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya kahawa yasiyosafishwa hufika maelfu ya miligramu, na pH yake huwa karibu 4. Maelfu, si makumi! Basi utamu huo si wa mchezo.

Kwa hivyo sheria ipo, na haikosi meno kwenye karatasi. Sheria ya mazingira ilitungwa mwaka wa 1999, ikaleta Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ile tunayoiita NEMA. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Na hizo Kanuni za 2006 zilisema anayepewa leseni ya kumwaga majitaka ayapime kila siku, wingi wake na ubora wake, kisha apeleke rekodi kwa Mamlaka kila baada ya miezi mitatu.

Nilipoisoma sehemu hiyo nilicheka, halafu nikanyamaza. Kila siku? Kiwandani kwetu kuna mzani, daftari, karani na ubao. Hakuna maabara. Kipimo kile cha siku 5 hakiwezi kufanywa na karani anayepokea madebe ya kahawa hadi saa nne za usiku. Na hata rekodi ikiandikwa, inasafiri kwenda ofisini mjini, wakati anayeyanywa maji yuko hatua mia mbili chini ya kiwanda. Miezi mitatu ikipita, msimu wenyewe umekwisha! Tena mpimaji wa serikali akija huja mchana, siku moja, kwa gari linaloonekana kutoka kilima cha pili. Maji hayana saa ya ofisi.

Mimi naona hivi. Kiwanda kiendelee kuwajibika kwa vile vipimo vikubwa, lakini kila jioni karani achovye karatasi ya kupimia pH penye mdomo wa mfereji, na tarakimu atakayoipata aiandike kwa chaki kwenye ubao uleule wanaoandikia bei ya kahawa. Basi. Karatasi hizo si ghali, na hata sisi wa Kidato cha Tatu tunazitumia kwenye Kemia. Najua pH haitaeleza kila kitu. Maji yanaweza kutiwa chokaa yakapunguza asidi na bado yakawa yamejaa sukari. Lakini ikiwa ubaoni jana kulikuwa na 7 na leo kuna 4, mkulima mwenyewe aliyeleta kahawa atauliza kulikoni, na huyo hana haja ya leseni kuuliza.

Katika mdahalo wetu wa muhula uliopita mwenzangu mmoja kutoka Imenti alisimama akaniuliza, "Kiwanda kikifungwa, karo yako italipwa na nani?" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Leo namjibu kwa utulivu. Sitaki kifungwe. Kiwanda ni chetu, na kila senti kinachotozwa faini inakatwa kwenye malipo yetu sisi wakulima. Ndiyo sababu napenda kuzuia kuliko kutozwa. Maji ya kumenyea yanaweza kuzungushwa yakatumika tena, na hapo wingi wake hupungua sana. Yanayobaki yaende kwenye mashimo ya kunywewa na ardhi, mbali na mto. Maganda yawe mbolea. Mambo haya si mageni, yako viwanda vinavyoyafanya.

Kilichonishtua zaidi ni mashimo yenyewe. Msimu wetu mkubwa wa kahawa unakutana na mvua za vuli. Shimo lililojaa mpaka ukingoni, mvua moja ya usiku ikishuka, linafurika na kuteremka lote kwa pamoja. Watu husema "ni mvua", kana kwamba mvua ya Novemba ni mgeni asiyetarajiwa! Kuzoa matope ya shimo mwezi wa Septemba, kuacha nafasi juu, na kuchimba mtaro wa kuepusha maji ya mvua ni kazi ya majembe na siku chache. Na likifurika, kiwanda kipige baragumu, kitume mtoto, kipige simu, chochote, watu wa chini wajue kabla ya kuchota. Kule Thange, kaunti ya Makueni, mwaka wa 2015, mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba yakaingia mtoni, na wanavijiji ndio walioyaona majini. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi na risasi ya kiwanda cha betri mpaka mahakama ikaamua mwaka wa 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikasafiri hadi Mahakama ya Upeo mwaka wa 2024. Simaanishi kwamba kahawa ni sawa na risasi, la hasha. Ila fidia ya miaka hiyo yote haimrudishii mtu afya aliyoipoteza.

Halafu tusisahau kwamba kijito chetu hakiishii kwetu. Rupingazi, Ena, Thuci, Mutonga, Kathita, yote huishia Mto Tana. Wenzetu wa Mbeere na Tharaka, ambao kwao ni kukavu na wengi wao hawana hata shina moja la kahawa, ndio wanaoyapokea maji yetu. Malipo ya pili yakija hawaalikwi.

(Na sisi je? Majuzi baada ya zoezi la Kemia nilimwona mtu akimwaga asidi kwenye sinki, mfereji ukaipeleka nyuma ya maabara hadi kwenye bustani ya sukumawiki. Mtu huyo alikuwa mimi. Mwalimu, nisamehe.)

Likizo hii baba atakwenda kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha ushirika. Nimemwandikia hoja mbili kwenye karatasi: ubao, na mashimo yazolewe Septemba. Aliisoma mara mbili, akauliza kama ile karatasi ya kupimia inauzwa Embu mjini, kisha akaikunja akaitia kwenye mfuko wa koti analovaa siku ya mkutano. Wewe ambaye mzazi wako ni mwanachama upande wa Imenti au Igembe, chukua kalamu umwandikie vivyo hivyo. Mwalimu wetu wa Kemia amekubali kumwonyesha karani yeyote jinsi ya kuisoma ile rangi. Inachukua dakika moja.