Jina la Mtoto Lisomeke

Mji wa Mikumi, katika Wilaya ya Kilosa, umepata jina lake kwa mikumi, ile miti mirefu ambayo kwingineko huitwa mivumo. Jina hilo huandikwa kama linavyotamkwa na kutamkwa kama linavyoandikwa, wala mgeni halikosei. Laiti majina ya watoto wetu yangekuwa hivyo!

Mama mmoja wa Mikumi alijaliwa binti, akapenda kumwita Neema. Lakini jina hilo hupendwa mno, na Wakristo na Waislamu, naye akahofu kwamba darasani watakuwapo akina Neema watatu. Basi akamwandikisha Neyma, ili wa kwake ajulikane. Nia ilikuwa njema, na kila mzazi ataielewa. Tatizo lilianza kwenye matamshi. Neema ina silabi tatu, ne-e-ma, na mkazo huangukia ile ya katikati. Neyma ina silabi mbili tu. Imebadilishwa herufi moja, na maana imetoweka nayo: neema ni fadhila na baraka, neyma si neno.

Mwalimu alidhani ni kosa la kalamu, akaandika Neema katika daftari la mahudhurio. Karani mwingine akaandika alivyosikia: Neima. Miaka ikapita bila mtu kujali. Baba alipofariki dunia, binti alitakiwa athibitishe kwamba ni mwanawe, ndipo apate haki yake katika mirathi. Cheti cha kuzaliwa kilisema hivi, cha shule vile, na kitambulisho kikasema vingine. Familia iliyokuwa katika msiba ikalazimika kutafuta nauli ya kwenda na kurudi Kilosa mjini mara tatu, pamoja na gharama ya hati ya kiapo, kuthibitisha kwamba hao watatu wa kwenye karatasi ni binti mmoja.

Wilaya hii ina sababu yake ya kuwa na hadhari. Reli na mashamba ya mkonge viliwaleta Kilosa watu wa makabila mengi, kila mmoja na lafudhi yake. Hata wenyeji, ambao vitabu vingi huwaita Wakaguru na Wasagara, kwa lugha zao ni Wakagulu na Wasagala. Hivyo Rehema wa shuleni huweza kuwa Lehema kwa bibi yake. Hilo si kosa wala si aibu. Hatari huja pale karani anapoandika kwa kusikia tu, bila kuuliza. Kadhalika Khadija na Hadija, Zainab na Zainabu, ni majina yale yale ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa namna mbalimbali. Kila namna inafaa. Lisilofaa ni kutumia mbili kwa mtoto mmoja.

Sheria inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90. Baba na mama, zitumieni siku hizo. Liandikeni jina kwenye karatasi, kisha mpeni jirani asiyelijua alisome kwa sauti. Akijikwaa, mjue kwamba mtoto wenu atakuwa akilisahihisha maisha yake yote. Mkitaka kumtofautisha na wenzake, mwongezeeni jina la pili, la babu au la bibi, badala ya kulipinda la kwanza. Na mkikabidhiwa cheti, kisomeni herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani.

Yule binti wa Mikumi naye sasa ni mama. Alipompeleka mwanawe kliniki kwa mara ya kwanza, alikwenda na jina limeandikwa kwa herufi kubwa, akamwomba muuguzi alisome kwa sauti. Muuguzi alilisoma mara moja, bila kusita. Ndipo akakubali liandikwe kwenye kadi.