Uzi wa Mashine ya Majani na Heshima ya Makaburi



Masika yamekwisha, na kama ilivyo ada yake hapa Tanga, yametuachia majani. Kuanzia vichochoro vya Nguvumali hadi nyumba zenye bustani kubwa kule Raskazoni, hapana uwanja usiohitaji kufyekwa. Vijana wetu wengi wameligeuza jambo hili kuwa riziki. Mmoja hununua mashine ya kufyekea kwa fedha ya kikoba cha mama yake, huibeba begani, akapita nyumba kwa nyumba akitafuta kibarua. Baadhi ya wazazi wametuuliza mara kadhaa baada ya swala: ni kichwa kipi cha uzi kinachofaa, na kwa nini uzi wa kijana wangu hukatika au kukwama kila baada ya dakika kumi? Tumeona tujibu hapa, kwa kuwa jibu lake tulilipata kwa gharama, na gharama hiyo hatuna haki ya kuificha.

Mwaka jana kamati ya msikiti wetu ilinunua mashine kwa ajili ya makaburi. Jumamosi ya kwanza tulifunga bapa la chuma, kwa sababu ndilo lililotangulia kutoka ndani ya boksi. Haikutimia nusu saa, bapa likagonga kibao cha kaburi na kukimega pembe. Mjane mwenye maiti wake alipopata habari alikuja, akakitazama kipande kile, akakiokota, akakifunga katika ncha ya kanga yake na kuondoka bila ya kusema neno. Sisi tuliokuwapo tungeona afadhali angetulaumu.

Tukaliweka bapa kando, tukahamia kwenye kichwa cha uzi. Wiki mbili baadaye uzi ukaisha kazi ikiwa nusu. Kijana aliyekuwa akiiendesha mashine alituomba fedha ya uzi mpya, nasi, kwa ndimi zetu wenyewe, tukamjibu asubiri kikao. Yeye, kwa nia njema ya kumaliza kazi kabla ya adhuhuri, akatia waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi. Kipande cha waya kikakatika, kikaruka, kikazama katika shina la mwarobaini. Robo saa kabla ya hapo, watoto wa madrasa walikuwa wameketi kivulini chini ya mti ule ule. Tulikitoa kwa koleo. Katika kitabu cha kumbukumbu za kikao tuliandika kwamba kosa lile ni la kamati, si la kijana, na hivyo ndivyo lilivyo.

Ili msomaji aelewe kwa nini waya ule ulikuwa risasi, na tufanye hesabu fupi. Mashine inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huzunguka mara 100 kwa sekunde. Duara la mkato lenye kipenyo cha sentimita 40 lina mzingo wa mita moja na robo hivi. Basi ncha ya uzi husafiri takriban mita 125 kwa sekunde moja, yaani zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Uzi wa nailoni ukikatika katika mwendo huo huwa mwepesi, na hupoteza kasi upesi hewani. Waya ni mzito na mgumu; huenda mbali na huingia mwilini. Jambo hili si la kwetu pekee. Mwaka 2012 Kamisheni ya Ulaya iliamuru vichwa vya minyororo na vipande vya chuma vilivyounganishwa, vinavyofungwa kwenye mashine za mkononi za kufyekea, visiuzwe katika nchi zake, baada ya ajali iliyochukua roho ya mtu. Kwa hiyo anayetia waya, mnyororo au kamba ya chuma ndani ya kichwa cha uzi ajue kwamba anachezea uhai wa watu.

Asili ya chombo hiki nayo yafaa kujulikana. Mwaka 1971, mtu mmoja wa Houston nchini Marekani aitwaye George Ballas alikuwa akiosha gari katika mahali pa kuoshea kwa mashine. Akaona brashi zinavyozunguka na kuingia kila pembe ya gari bila ya kuliumiza. Akarudi nyumbani, akachukua kopo, akalitoboa, akapitisha uzi wa kuvulia samaki na kulizungusha. Hiyo ndiyo hekima yote ya kichwa cha uzi: hukata kilicho laini, na kikigonga kilicho kigumu, unaokatika ni uzi wenyewe. Bapa la chuma halina hekima hiyo, na ndiyo maana kazi yake ni vichaka na vijiti huko porini, mbali na mawe, kuta na vibao vya makaburi.

Mzee wetu mmoja, aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya mkonge, alituuliza kama kamba ya katani isingeweza kutumika. Swali lake lilitugusa. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, na miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safari na kupandwa karibu na Pangani; kutokana na hiyo Tanga ikapata jina lake duniani. Baadaye nyuzi za viwandani zikachangia kuiangusha bei ya katani, na leo wana wa Tanga twanunua nailoni kutoka ng'ambo. Lakini ukweli hauna budi usemwe: katani ni hodari kwa kuvutwa, si kwa kuchapwa. Ikizungushwa kwa kasi ile hufumuka nyuzi nyuzi papo hapo.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Vichwa vinavyopatikana sana ni vya namna tatu. Cha kwanza ni kichwa cha kugonga: ndani yake mna bobini iliyozungushiwa uzi, na unapokigonga chini taratibu mashine ikiwa inazunguka, kinaachia uzi kidogo. Hiki kinamfaa mwenye kazi ya kutwa, maana hasimami mara kwa mara. Cha pili ni kichwa cha vipande: hakina bobini, bali huchomekwa vipande vya uzi vilivyokwisha kukatwa kwa kipimo. Huchosha kidogo, kwani kipande kikiisha hapana budi kuzima na kutia kingine, lakini hakikwami, nacho kinamfaa sana anayeanza kujifunza. Cha tatu ni cha kugonga pia, ila hulishwa bila ya kufunguliwa: uzi hupitishwa tundu moja ukatokea la pili, ukasawazishwa pande zote, kisha kitasa cha chini huzungushwa hadi uzi umezwe. Bei yake iko juu kidogo, lakini humwokolea fundi muda mwingi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi atazame mambo mawili. La kwanza ni skrubu ya shimoni la mashine yake, kwa kuwa vichwa havilingani kwa kipenyo wala kwa meno. Achukue kichwa cha zamani aende nacho dukani. La pili ni unene wa uzi ambao kichwa kinaukubali na injini inaweza kuuzungusha. Injini ndogo ya sentimita za ujazo 25 itosheke na uzi wa milimita 2 hadi 2.4. Zile za 43 au 52, ambazo ndizo tunazoziona zaidi mabegani mwa vijana wetu, huweza milimita 2.4 hadi 3 kwa kadiri ya kichwa chenyewe. Kuzidisha unene si kuzidisha nguvu. Injini huelemewa na kuchemka. Ama umbo, uzi wa mviringo hudumu na hautumii nguvu nyingi. Wa pembe nne hukata vizuri zaidi majani magumu, lakini hula mafuta na hupiga kelele.

Kuujaza uzi upya ndiko kunakowashinda wengi, na taratibu zake ni hizi. Kwanza zima injini, iache ipoe, na uvue kofia ya plagi. Bonyeza vibanio viwili vya pembeni, fungua kifuniko, utoe bobini kwa uangalifu usije ukaipoteza springi majanini. Pangusa uchafu wote. Kata uzi wa mita tano au sita, au kadiri kichwa chako kinavyoandikiwa, ukunje katikati huku upande mmoja ukizidi mwingine kwa kiganja kimoja. Tia mkunjo kwenye pengo lililo katika ukuta wa katikati ya bobini. Kisha zungusha pande zote mbili kwa pamoja kufuata mshale uliochorwa, kila upande chumbani mwake, ukiupanga mstari kwa mstari, umekazwa na usipishane. Uzi uliopishana ndio unaokwama. Hubanana, hupata joto, hatimaye huyeyuka na kugandamana. Usijaze hadi ukingoni. Acha sentimita 15 kila upande, zibane katika nafasi zake, rudisha springi na bobini, pitisha ncha matunduni, funga kifuniko hadi usikie kikibana, kisha zivute ncha zitoke katika vibanio vyake. Mwisho bonyeza kitovu cha kichwa kwa mkono na uvute uzi. Ukitoka kwa raha, kazi ni njema.

Ikiwa kichwa chenyewe chapaswa kutolewa, tia bisibisi katika tundu la giaboksi ili shimo lisizunguke. Nati ya mashine nyingi za aina hii hufunguka kwa kuzungushwa kulia, kinyume cha mazoea yetu. Vijana wengi wameivunja kwa kukazana kuifungua kama nati ya baiskeli.

Kuna siri nyingine ndogo. Nailoni hunywa maji. Uzi uliokaa juani dukani hukauka na kukatika kama kijiti. Uloweke usiku kucha ndani ya ndoo ya maji, na asubuhi utauona umelainika na kudumu.

Ngao ya plastiki isiondolewe kamwe. Twawaona vijana wakiivua ili uzi uwe mrefu na kazi iende upesi. Ngao ile ina kisu kidogo kinachoupunguza uzi ufikie kipimo chake, na ndiyo inayozuia mawe yasirudi miguuni. Mfyekaji avae miwani ya kinga, suruali nzito na viatu vilivyofunikwa, na kila mtu mwingine awe umbali wa mita 15 japo. Vipande vya uzi vilivyoanguka viokotwe, maana mbuzi wa mtaani hawachagui.

Makaburini kuna adabu ya ziada. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuketi juu ya kaburi, basi mfyekaji apite njiani, wala asikanyage mgongo wa kaburi kwa kuifuata mashine. Tena imepokewa kwamba alichana kuti bichi la mtende na kuliweka juu ya makaburi mawili, akitaraji waliomo wapunguziwe adhabu maadamu halijakauka. Na kwa ajili hiyo wako wanavyuoni waliochukia kukata mimea mibichi iliyo juu ya kaburi pasipo haja. Kwa hiyo tumekubaliana kufyeka njia na nafasi zilizo baina ya makaburi, na penye kaburi lenyewe kutumia mkono na mundu, kwa kiasi cha kuondoa miiba na kuonyesha kaburi lilipo.

Yule mjane tulimwendea nyumbani. Tulimwomba radhi, tukamwambia kwamba kibao kitatengenezwa kwa fedha zetu wanakamati, si kwa fedha ya sanduku la msikiti. Alitusikiliza, kisha akatuomba jambo moja: miaka mitatu iliyopita alipanda mwasumini kichwani mwa kaburi la mumewe, nao usikatwe. Tulirudi kuutazama. Uzi ulikuwa umekwisha kulichubua ganda la shina lake pande mbili, kwani uzi huu, pamoja na upole wake wote kwa jiwe, humenya shina changa, na shina likimenywa pande zote mti hufa. Ulibaki upande mmoja mzima. Tukauzungushia mawe kuukinga, na alhamdulillahi umechanua tena.

Katika kikao kilichofuata tulipitisha mambo matatu. Uzi wa akiba uwekwe stoo wakati wote, na mfyekaji auchukue kwa kutia saini tu, pasipo kungoja kikao. Mashine isiwashwe makaburini wala uwanjani kabla madrasa haijafunga. Na kipande kile cha waya kimepigiliwa ukutani mwa stoo, juu ya ndoo ya kuloweka uzi, ili kila anayeingia kuchukua uzi akione.

Ewe mzazi uliyemnunulia mwanao mashine, usiulize tu ameingiza shilingi ngapi jioni. Ikague ngao, mwombe akuonyeshe kichwa, na ukikuta kilichomo si uzi, mnunulie uzi siku hiyo hiyo, hata kama hujapanga. Mtaa wetu unaitwa Nguvumali, na mali ya kijana huyo ni macho yake, miguu yake, na imani ya watu wanaomfungulia geti.

Wabillahi tawfiq.