Sabasaba Imepita, Maneno ya Ziwa Yako Wapi?

Kalenda ya dunia siku hizi haina tarehe iliyo bure. Tarehe 21 Februari ni Siku ya Lugha Mama. Mwezi mmoja baadaye, 21 Machi, ni Siku ya Ushairi. Hata choo kina siku yake, 19 Novemba. Kiswahili nacho kimepewa 7 Julai, kwa azimio la UNESCO la Novemba 2021. Kwetu Watanzania tarehe hiyo si ngeni: ndiyo Sabasaba, siku ilipozaliwa TANU mwaka 1954.

Sina kinyongo na siku hiyo. Hoja yangu ni ya tarehe 8. Hotuba zikishakwisha, tunabaki na nini mkononi? Kila mwaka tunahesabu heshima mpya: SADC mwaka 2019, sheria ya lugha ya mahakama mwaka 2021, Umoja wa Afrika mwaka 2022. Ni heshima za kweli, na tumezisubiri mno. Lakini hesabu hiyo hutueleza Kiswahili kimefika wapi. Haituelezi kimebeba nini.

Nalitazama jambo hili kutoka Guta, wilayani Bunda, kandokando ya Ziwa Victoria. Huku Mjita, Msukuma na Mkwaya hukutana mwaloni, na Kiswahili ndicho kinachowauzia samaki. Kalenda ya mvuvi wa dagaa haikuandikwa New York wala Paris, imeandikwa mbinguni. Kuna siku za giza, ambapo mitumbwi hutoka na taa zake, na kuna siku za mbalamwezi, ambapo mvuvi hukaa nchi kavu akashona nyavu. Anayeishi kwa kalenda hiyo ana msamiati wake: mwalo, karabai, kokoro, furu, sato, kamongo, bondo, panki. Fungua kamusi uliyonayo, ndugu msomaji, utafute maneno hayo yote kwa maana anazozijua mvuvi, uone ni mangapi utakayoyakuta.

Sasa fungua diwani. Washairi wengi wa bara, wakiwamo waliokulia hapa ziwani, wakitaka kuimba maji huimba bahari. Hupandisha matanga ya jahazi wasilowahi kulipanda na hungoja kusi na kaskazi zisizovuma kwao. Si dhambi kuazima. Ubaya ni kuazima kitu ambacho mwenyewe unacho ghalani.

Najua jibu litakalotolewa: hayo ni maneno ya wavuvi, si Kiswahili sanifu. Nami nauliza, "nahodha" lilikuwa neno la nani? Kabla halijawa sifa ya kiongozi wa taifa au wa timu ya mpira, lilikuwa neno la kazi la mabaharia. Washairi ndio waliolitoa chomboni wakalipandisha jukwaani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Msingi si paa. Juu yake watu wanaruhusiwa kujenga.

Tazama neno "panki". Ni mifupa na kichwa cha sangara baada ya kiwanda kuondoa minofu. Minofu husafiri kwenda Ulaya. Mapanki hubaki, hukaangwa, huliwa na asiyemudu mnofu. Tazama "bondo", kibofu cha hewa cha samaki huyo huyo, ambacho kilo yake hushinda nyama yake kwa bei. Tazama "furu", samaki mdogo aliyejaa ziwani kabla sangara hajapandikizwa katika miaka ya 1950, na ambaye leo amekuwa haba. Uchumi na historia yetu vimo katika maneno matatu. Mshairi anatafuta nini tena?

Wala mfano hatuna haja ya kuutafuta mbali. Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alimvisha Shakespeare Kiswahili, na tafsiri yake ya "Julius Caesar" ikachapishwa mwaka 1963. Hakuwa mtu wa pwani, lakini hakuomba ruhusa. Ng'ambo ya pili ya kivuko cha Kisorya iko Ukerewe, alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Riwaya yake "Rosa Mistika" ya mwaka 1971 haikuhitaji kuhamia Unguja ili iwe fasihi ya Kiswahili. Ilianzia kisiwani kwake.

Tusichelewe. Karabai zinaondoka, taa za sola zinaingia. Kifaa kikiondoka, jina lake hukifuata. Furu akitoweka, mtoto atamjuaje kama hata beti moja halikumtaja? Pendekezo langu ni dogo. Sabasaba ijayo, kila mshairi alete neno moja la kazi kutoka kwao, liwe la ziwani, la shambani, la machimboni au la gereji, alieleze maana yake kwa usahihi, kisha alitungie beti. Maneno mia yakipatikana, tuyapeleke BAKITA kwa heshima zote. Mimi natanguliza langu:

Mitumbwi yasukumiwa, karabai zinawaka,
Dagaa wanavuliwa, nyavu zinavyozunguka,
Mchanga watandikiwa, jua likishachomoka,
Maneno haya ya ziwa, nani atayaandika?