Somo la Afya Oldonyo Sambu: Kuchemsha Maji Hakutoshi

Wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi nchini Tanzania hufundishwa kwamba maji ya kunywa sharti yachemshwe na meno yapigwe mswaki kila siku. Ni mafundisho mema, nasi hatutaki mtu aache kuyafuata. Lakini huko Oldonyo Sambu, kaskazini mwa Jiji la Arusha kando ya barabara iendayo Namanga, mafundisho hayo yakiishia hapo huwa nusu tu ya ukweli, na nusu isiyosemwa ndiyo inayowagusa zaidi watoto wa pale.

Maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi. Meru ni mlima wa volkano, na maji yapitapo katika miamba yake huyeyusha madini hayo na kushuka nayo hadi kwenye chemchemi na visima. Floraidi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Ikizidi, hugeuza meno kuwa ya kahawia, na kwa miaka mingi huweza kukakamaza viungo na kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Kwa miongo kadhaa Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 katika maji ya vijijini, kwa sababu sehemu nyingine hapakuwa na maji mengine ya kuwapa watu, kabla ya kiwango hicho kuanza kushushwa.

Madini haya hayaonekani kwa macho wala hayana harufu. Moto nao hauyaondoi. Kuchemsha huua vijidudu vya maradhi, lakini mvuke ukipaa floraidi hubaki sufuriani, na maji yaliyosalia huwa nayo nyingi kidogo kuliko yalivyokuwa. Mwanafunzi aliyetii somo lake lote atajibu swali la mtihani barabara, kisha aende nyumbani akanywe maji yaleyale.

Kuna jeraha jingine ambalo halipimwi maabara. Kijana mwenye meno ya kahawia huambiwa kwamba ni mchafu. Akienda kusoma au kutafuta kazi mkoa mwingine, watu humtambua kwa meno kabla hajataja kwao, na wengi hujizoeza kucheka huku wameziba mdomo kwa kiganja. Mwalimu akifundisha usafi wa kinywa pasipo kueleza chanzo cha rangi hiyo, bila kukusudia anawapa wenzake mtoto huyo sababu ya kumdhihaki, hata kama yeye ndiye anayepiga mswaki kuliko wote. Tunalihesabu jambo hili kuwa suala la utu na heshima ya mwanadamu, si la urembo.

Hapa pana ugumu ambao mipango mingi ya elimu ya afya huupita haraka. Meno ya utu uzima hujengeka ndani ya ufizi tangu utotoni hadi takribani miaka minane, na huo ndio wakati floraidi huyaharibu. Mwanafunzi wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu amekwisha kuvuka kipindi hicho: kwa meno yake, somo limechelewa. Halijachelewa kwa mifupa yake, ambayo huendelea kukusanya madini haya miaka yote, wala kwa wadogo zake walioko nyumbani. Na nani katika kaya zetu huteka maji, huinjika uji na kumlisha mdogo wake mama awapo shambani au sokoni? Ni huyuhuyu mwanafunzi, na mara nyingi ni binti. Kwa hiyo somo la afya katika umri huu lifundishwe kwa mlezi mdogo, anayejifunza kwa ajili ya mwingine.

Mlezi huyo aambiwe nini? Kwanza, kwamba maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata pale mama anapokunywa maji yenye floraidi nyingi. Pili, kwamba magadi yanayotiwa katika makande ili mahindi na maharage yaive upesi huweza kuongeza floraidi chunguni. Kuyaloweka tangu jana yake hupunguza haja ya magadi, ingawa tunajua kuni ni ghali na si kila mama atakubali kwa neno moja. Tatu, na hili ndilo kubwa, kwamba maji ya mvua karibu hayana floraidi. Tukikadiria lita tatu kwa siku za kunywa na kupikia kwa kila mtoto mdogo, watoto wawili watahitaji lita sita. Kwa kiangazi cha siku mia moja na hamsini hizo ni lita 900, yaani simtanki moja ya lita 1,000. Familia haihitaji kukinga maji ya kila kazi. Yanatosha ya wadogo, mradi nyumba yote ijue kwamba tangi lile si la kufulia.

Hata hivyo, tusiwatwishe watoto mzigo wa wakubwa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeshughulikia kwa miaka mingi uondoaji wa floraidi kwa chenga za mifupa iliyochomwa, na nchini Kenya Jimbo Katoliki la Nakuru limeifanya njia hiyohiyo kuwa huduma kwa jamii. Mitambo hii ina uangalizi wake: mifupa isiyochomwa vema hunukisha maji, na chenga zikichoka sharti zibadilishwe, la sivyo maji hupita kama yalivyoingia. Jiji la Arusha limepata mradi wa maji wa shilingi bilioni 520. Vijiji vya pembezoni vina haki ya kuuliza zamu yao, kwani Papa Fransisko, katika Waraka wake "Laudato si'" wa mwaka 2015, alitaja ubora wa maji wanayopata maskini kuwa tatizo zito, na maji safi kuwa haki msingi ya binadamu.

Chemchemi mbili zilizo jirani huweza kutofautiana sana kwa floraidi. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa jumuiya na kamati za shule wawaendee RUWASA, waombe vipimo vya kila chanzo, na kuvibandika ukutani mahali mwanafunzi atakapovisoma akiwa na ndoo mkononi. Katekista anayefundisha kipaimara naye ana watoto wa umri huohuo kila juma. Vuli haiko mbali, na mapaa mengi ya makanisa na madarasa yetu bado hayana gata.