Mwanza Haikuzaliwa na Speke

Vijana wenzangu wa kalamu, hebu nendeni mjini mkasome kibao cha pale kwenye mnara wa saa. Kinatuambia kwamba mwaka 1858, toka kilima cha Isamilo, Mwingereza Speke aliliona ziwa. Haya, kaliona. Na waliokuwa wakivua humo asubuhi ile walikuwa vipofu?

Ajabu ni kwamba Speke mwenyewe ni shahidi wetu. Kaandika kitabuni mwake kuwa hapa Mwanza alimkuta mtemi Mahaya, na mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Mansur. Yaani mgeni kafika, kakuta mwenyeji, kakuta biashara, kaulizia habari za ziwa akajibiwa. Halafu eti historia yetu ianze siku aliyopiga hodi!

Shuleni tulikariri: Wajerumani wakaweka kituo 1892, Waingereza wakauteka mji 1916, reli ya kutoka Tabora ikafika 1928. Katika habari zote hizo sisi ni wabeba mizigo, hatusemi neno. Lakini mwaka 1955 wakulima wa pamba, waliochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, waliunganisha vyama vyao vya ushirika, Paul Bomani akiwaongoza. Na Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu kabisa na mji huu, ikaondoka na mamia ya ndugu zetu. Hizo si riwaya?

Mbona basi kwenye madaftari yetu mhusika mkuu lazima awe na gari Dar, au apande ndege kwenda London? Nami nimo. Riwaya yangu ya kwanza, niliyoiandikia hapa hapa Nyakato, ilianzia Masaki. Masaki yenyewe sijawahi kuikanyaga. Niliichana.

Mtajitetea kuwa wachapishaji hakuna. Jamani, mtazameni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, hapo ng'ambo ya maji. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikakosa wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikachapwa 1980, na 1981 mzee akafariki. Miaka 35! Na hakuanza na mzungu yeyote. Alianza na Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaohangaika kupata mtoto. Ndiyo maana leo tunajua Wakerewe walivyoposa, walivyolima na walivyotibiana kabla ya boma la Mjerumani.

Sisemi tukaking'oe kile kibao. Kiacheni, nacho ni historia. Ila yaliyobaki nani atayaandika? Kila mmoja wetu ana bibi au babu anayejua mlima wa kwao uliitwaje kabla ya ramani. Jumapili hii kamwamkie, muulize, uandike. Tukimzika bila kumuuliza, tusije tukalalamika kijiweni kwamba mji wetu kauandika mpita njia.