Mchezo si Kamari

Yako maneno yanayosemwa sana siku hizi barazani, viwandani na hata katika mikutano ya matawi yetu, kwamba vijana wameharibiwa na michezo ya mashine. Mzee akimwona kijana ameinamia simu yake hutikisa kichwa na kusema kuwa enzi zake mambo hayakuwa hivyo. Sisi hatuyakatai maneno hayo yote, lakini twaomba ndugu zetu wakumbuke kwanza, maana wengi wanaolaumu leo waliwahi nao kupanga foleni mbele ya mashine za namna hiyo.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Kwa sababu hiyo gemu zilitufikia zikiwa zimekwisha kuzeeka kwao. Mashine ya Nintendo iliyotolewa Japani mwaka 1983 ilikuja kwetu miaka mingi baadaye, na mara nyingi iliyokuja haikuwa yenyewe bali nakala ya bei nafuu. Mijini ilifika mapema, vijijini ilichelewa.

Sisi tuliokulia Mabamba, katika nyanda za juu za Kibondo karibu na mpaka wa Burundi, twakumbuka vema jinsi ilivyofika kwetu. Ilikuja siku ya soko pamoja na jenereta, ikawekwa katika kibanda cha miti kilichozibwa kwa maturubai ili mwanga usiingie. Mwenye kibanda aliketi mlangoni na kupokea shilingi hamsini. Aliyelipa alicheza mpaka akafa, yaani yule mtu wake wa kwenye kioo akafa, kisha akampisha mwenziwe. Asiye na fedha alisimama nyuma na kutoa ushauri ambao hakuombwa: ruka, piga, inama, rudi nyuma! Tulimjua Mario na kofia yake nyekundu kabla hatujajua Japani iko upande gani wa dunia, na wapiganaji wawili wa Contra tuliwapa majina ya vijana wa kijiji chetu. Kiingereza hatukukijua, lakini kila mtoto alijua maana ya “gemu ova”.

Petroli ilikuwa ghali. Jenereta ilipokohoa na kuzimika, kibanda kizima kilipiga ukelele, na hapo ulianza mjadala mkubwa kuliko wa mkutano wa kijiji: nani alikuwa hajamaliza zamu yake, na nani adai? Mwenye kibanda aliandika majina kwa mkaa juu ya ubao wa mlango, na siku ya soko iliyofuata deni lililipwa. Hatukumbuki kudhulumiwa hata mara moja.

Kisha kilikuja kile kichezeo kidogo cha mkononi chenye vitofali vinavyodondoka, ambavyo mchezaji huvipanga visije vikajaa mpaka juu. Mchezo huo wa Tetris ulibuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta huko. Kwetu ulikula betri. Tulizichomoa katika redio ya baba, tukazirudisha zimechoka, tukazianika juani zipate uhai kidogo. Baba alipofungua redio ili asikie taarifa ya habari akapata mkwaruzo tu, alijua mara moja wa kumwita. Viboko vile twavikumbuka, na hatuna kinyongo.

Hatusemi kwamba yote yalikuwa mema. Wako wenzetu waliotoroka shule kwa ajili ya kibanda kile, na yako maharage ya akina mama yaliyopungua guniani bila kuliwa na panya. Tena dada zetu hawakuwamo. Tulipokuwa tukipiga kelele gizani, wao walikuwa njiani na ndoo za maji vichwani. Anayeukumbuka utoto wake kwa haki hana budi alikumbuke na hilo.

Lakini yako mambo matatu ambayo mchezo ule ulikuwa nayo. Kwanza, ile hamsini tuliitafuta kwa kazi: kuteka maji, kupukuchua mahindi, kuokota kuni. Pili, tulicheza pamoja. Mtoto aliyevuka mpaka na mama yake kuja kuuza ndizi alipata zamu yake kama sisi, na kwa kuwa Kiha na Kirundi husikilizana, hakuhitaji mkalimani. Tatu, na hili ndilo kubwa, mashine ile haikumwahidi mtu fedha. Ulitoka mfuko mtupu, lakini mkono umejifunza. Wiki iliyofuata ulikwenda mbele zaidi, na kila mtu aliona kwamba umepata kwa bidii yako. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kupenda bao. Kucheza si aibu kwa mwananchi.

Sasa tuitazame hali ya leo. Mwaka 2022 mkoa wa Kigoma uliunganishwa na gridi ya taifa. Hiyo ni neema tuliyoingoja kwa miaka mingi. Lakini umeme hauchagui wa kumtumikia. Katika miji na vijiji vingi vya nchi yetu, mbele ya maduka na vilabu vya pombe, zimesimama mashine za rangi kali ambazo watu huziita dubwi, au mashine za Kichina. Hutiwa sarafu ya shilingi mia mbili, taa huzunguka, na mara moja moja sarafu kadhaa hudondoka kwa kishindo ili wote wasikie. Sarafu zinazobaki tumboni hazina kishindo.

Watu huuita huo nao mchezo. Sisi twasema si mchezo. Mashine ya bahati imepangwa tangu mwanzo ili, sarafu zikiwa nyingi, mwenye mashine abaki na fungu lake. Hapana ustadi wa mkono, hapana akili, wala mazoezi yanayoweza kubadili hesabu hiyo. Mtoto wa kibanda chetu alivyozidi kucheza ndivyo alivyozidi kujua. Mtoto wa dubwi anavyozidi kucheza ndivyo anavyozidi kufukarika. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na iko Bodi ya kusimamia jambo hilo. Hata hivyo sare za shule huonekana mbele ya mashine hizo mchana kweupe.

Wala tusiwaseme watoto peke yao. Wako wafanyakazi ambao mshahara wao huishia katika mikeka ya kubashiri mpira kabla haujafika nyumbani. Chama chetu, tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, kimeshikilia kwamba mtu huishi kwa jasho lake. Baba anayetumaini bahati atamfundishaje mwanawe kutumaini jembe au kitabu?

Iko njia nyingine. Lual Mayen, mwana wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu akamnunulia kompyuta, na kijana huyo alitembea saa nyingi ili aichaji. Akajifundisha mwenyewe, akatunga gemu inayohimiza amani, na mwaka 2018 akatunukiwa tuzo huko Marekani. Wilaya ya Kibondo, iliyopokea wakimbizi kwa miaka mingi, yajua vema kambi ni kitu gani. Kama kijana wa kambini ameweza, wa Mabamba ashindwe kwa nini?

Kwa hiyo twatoa shauri. Mabalozi wa mashina na viongozi wa matawi, pamoja na serikali za vijiji, wazikague mashine zilizo katika maeneo yao. Isiyo na leseni, au inayomruhusu mtoto, itolewe taarifa bila kuoneana haya. Umoja wa Vijana utafute mahali pa mchezo wa kweli, penye mpira, bao na hata gemu, na wasichana wapewe zamu sawa na wavulana. Shule zenye umeme ziwafundishe watoto jinsi gemu inavyotungwa, si jinsi inavyochezwa tu.

Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kibanda chetu cha Mabamba kilikuwa cha miti na maturubai, lakini deni la mtoto liliandikwa mlangoni na likalipwa. Ndugu wananchi, tusikubali watoto wetu walelewe na mashine inayokula bila kuandika.