Hakukwepi Wewe, Anakwepa Maumivu

Tuseme mkeo alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, labda pale Ocean Road, Dar es Salaam. Namshukuru Mungu, kapona. Lakini chumbani mambo yamebadilika, kila ukimsogelea anageukia ukutani. Unanuna, eti hakutaki tena. Kaka, tulia kidogo.

Mionzi huua seli za saratani kwa kuharibu vinasaba vyake, ila seli jirani zenye afya nazo huumia, zikiwemo zile za ndani ya mishipa midogo ya damu. Mishipa ikisinyaa, damu inapungua. Uke unakuwa mkavu, unakakamaa na kubana. Hali hii inaweza kujitokeza miezi, hata miaka, baada ya tiba, wakati nyote mmeshasahau hospitali.

Nendeni kliniki pamoja, msione aibu. Kuna vilainishi vya maji, na kuna vifaa maalumu vya kutanua uke taratibu, kwa maelekezo ya daktari. Akitokwa na damu, msingoje miadi.

Nyumbani, usiharakishe. Kumbatio nalo ni mapenzi. Na kabla hujanuna tena, muulize kwanza: "Mpenzi, inauma?"